Niliacha fegi nikahamia vepu (sigara ya kielektroniki), nina mimba ya wiki 19. Vitamini C inatosha kulinda mapafu ya mtoto?

mama_kijacho:
Habarini wadau. Naombeni msome mpaka mwisho ndo mnitukane, maana najua yanakuja.

Mi nimevuta sigara miaka kama nane hivi, siyo kwa fujo, tano sita kwa siku, siku za stresi zinafika kumi. Nilipogundua nina mimba ilikuwa tayari wiki ya saba, nikaacha fegi siku ileile na mpaka leo sijagusa. Ila arosto ilinitesa jamani, hasira, kichwa, usingizi hamna, nikawa nagombana na kila mtu mpaka na simu. Rafiki yangu akaniambia si uchukue vepu, ule ni mvuke tu, hauna moshi hauna lami, mtoto hapati kitu. Basi toka wiki ya tisa niko na vepu, ya nikotini, chupa imeandikwa 20, yaani miligramu za nikotini kwa kila mililita.

Sasa juzi katika kusomasoma nikakuta kuna wanawake waliokuwa wanavuta na mimba zao wakapewa vitamini C, watoto wakazaliwa wana mapafu mazuri. Nikafurahi mpaka nikacheka peke yangu, nikasema kumbe njia ipo. Maswali yangu ni haya, nikimeza vitamini C na nikajilazimisha kula vizuri naweza kwenda na hii vepu mpaka nijifungue afu ndo niache? Na kula kwenyewe ni mtihani, nikivuta tu njaa inakata, ongeza na kichefuchefu cha mwanzo, uzito umeongezeka kilo moja na nusu tu toka mimba iingie. Klinik sijawaambia kitu kuhusu vepu. Waliniuliza unavuta sigara, nikajibu sivuti, na kusema ukweli sigara sivuti.

Baba Lao:
Mnajitisha bure nyie watoto wa siku hizi. Mama yangu alinizaa anavuta, tena zile kali zisizo na kichungi, na mimi hapa nacheza mpira dakika 90 bila kuhema. Kula vizuri, pumzika, mtoto atakuja mzima. Stresi ndo inaua kuliko hiyo vepu.

Hoja Kwanza:
Mzee we uliyepona ndo umekuja kuandika hapa. Ambaye hakupona hana bando.

Mkunga Zamu ya Usiku:
Mdogo wangu karibu, na kwanza pole na hongera kwa pamoja. Mi ni mkunga, niko zamu na leo wodi imetulia kwa hiyo nitaandika ndefu, mtanisamehe.

Nianze na hongera maana naona hakuna aliyekupa. Kuacha fegi wiki ya saba siyo jambo dogo. Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, hiyo inakaa kwenye damu mahali ambapo oksijeni ilitakiwa ikae, mtoto anabaki anapumulia mabaki, na ndo sababu mojawapo kubwa ya watoto wa wavutaji kuzaliwa na uzito mdogo. Wanaoacha mapema, kabla ya wiki ya 15 hivi, watoto wao kwa uzito na kwa hatari ya kuzaliwa njiti wanakaribiana sana na wa mama ambao hawajawahi kuvuta. Kwa hiyo hapo kuna kitu ulishakiokoa, usijione umeharibu kila kitu.

Sasa vepu. Rafiki yako kasema kweli nusu. Lami hamna, kaboni monoksaidi ni kama hamna. Ila nikotini ipo, na nikotini haijali imekuja kwa moshi, kwa mvuke, kwa ugoro au kwa kifuko cha kuweka chini ya mdomo. Ikiingia kwenye damu yako inavuka kondo la nyuma bila hodi, na kwa mtoto inafika kiwango sawa na chako au zaidi, mpaka kwenye maji anayoogelea inaonekana. Inabana mishipa ya damu, na kwenye mapafu yenyewe kuna vipokezi vyake. Yaani seli za mapafu ya mtoto zina milango ya kupokea ishara fulani ya kawaida ya mwili, asetilikolini, ishara ambayo inasaidia kupanga pafu likue vipi, sasa nikotini inakuja na funguo bandia inafungua milango ileile saa ambayo siyo yake.

Na we uko wiki ya 19. Kwa mapafu hii siyo wiki ya mchezo. Pafu linaanza kuchipua karibu wiki ya nne, mirija inagawanyika inagawanyika kama matawi, ikifika wiki ya 16 au 17 matawi makubwa yote yapo. Toka hapo mpaka wiki ya 26 hivi ndo mishipa midogo ya damu inasogelea njia za hewa, kuta zinakuwa nyembamba, kuanzia kama wiki ya 24 seli zinaanza kutoa ule utelezi wa kuzuia vifuko vya hewa visigandamane. Vifuko vyenyewe vya hewa vingi vinajengwa mwishoni kabisa na baada ya kuzaliwa, mtoto anazaliwa na makumi ya milioni, mtu mzima ana mamia ya milioni. Kwa hiyo ukiniambia nitaacha nikishajifungua, unaniambia utaacha fundi akishamaliza kupaua. Kila pafu unalopiga wewe linalifikia pafu lake. Kiswahili chenyewe kimeshasema.

Afu kunyonyesha nako, nikotini kwenye maziwa inakuwa kama mara tatu ya ile ya kwenye damu yako, na kichanga anaitoa polepole, wewe nusu inaondoka kwa kama masaa mawili, yeye ni masaa kama kumi na moja. Sikwambii usinyonyeshe, hapana, nyonyesha hata kama utakuwa hujaweza kuacha, maziwa yana faida kubwa kuliko hiyo hasara. Nakwambia tu kwamba "nikishajifungua" haina mwisho kama unavyodhani.

Vitamini C naacha waje wenye kusoma tafiti, mi nina mgonjwa ananiita.

Panya wa Maabara:
Mkuu hiyo mada ya vitamini C mi ndo nilifanyia seminari yangu nzima kwa hiyo naidaka.

Ulichosoma ni cha kweli na siyo stori za mitandaoni. Daktari Cindy McEvoy wa Oregon kule Marekani na wenzake, 2014, walichukua wajawazito wanaovuta ambao walijaribu kuacha wakashindwa, nusu wakapewa vitamini C miligramu 500 kwa siku, nusu kidonge kisicho na kitu, wote wameanza kabla au kufikia wiki ya 22. Watoto wa kundi la vitamini C walizaliwa na vipimo vya kupumua vizuri zaidi, na mpaka kufikisha mwaka mmoja waliopiga miluzi kifuani walikuwa asilimia 21, upande wa pili 40. Wakarudia na kundi jingine la wanawake 251, wakawafuata watoto mpaka miaka mitano, yakachapishwa 2023, bado hewa inatoka kwa kasi nzuri zaidi kwa watoto wa vitamini C na miluzi ni asilimia 28 kwa 47.

Sasa mama_kijacho angalia hiyo namba tena usiishie kwenye furaha. 28 siyo sifuri. Watoto zaidi ya robo bado walipiga miluzi na mama zao walimeza vidonge kila siku. Na hao walikuwa wavutaji wa sigara, siyo vepu, kwa hiyo kuhamisha majibu kutoka kwao kuja kwako ni kukadiria, japo ukadiriaji wenyewe una mashiko kwa sababu kwenye nyani walipewa nikotini tupu bila moshi wowote na mapafu ya watoto yakaharibika vilevile, hewa ikawa inatoka kwa shida, na nyani waliopewa nikotini pamoja na vitamini C wakapumua karibu na kawaida. Ndo maana watu waliamini kwamba mkosaji mkuu kwenye mapafu ni nikotini yenyewe, siyo moshi tu.

mama_kijacho:
Duh. Kwa hiyo inafanyaje kazi hiyo vitamini, inaifukuza nikotini?

Panya wa Maabara:
Haiifukuzi, nikotini inabaki palepale na milango inafunguliwa vilevile. Inachofanya ni kupunguza kutu. Nikotini na moshi vinazalisha zile molekuli korofi za oksijeni zinazochoma seli na kuvuruga jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa, vitamini C inazimeza kabla hazijaharibu sana. Na wavutaji wanaitumia haraka, ndo maana hata mtu mzima mvutaji anashauriwa kupata miligramu 35 zaidi kwa siku kuliko asiyevuta. Yaani we unakuwa na mahitaji makubwa na akiba ndogo, na mtoto anategemea hiyohiyo akiba.

Na kabla hujauliza, elfu mbili haiwi bora kuliko mia tano. Inayozidi unaikojoa, na miligramu 2000 kwa siku ndo ukomo wa mtu mzima, ukivuka ni kuharisha na tumbo. Walishawahi kuwapa wajawazito elfu moja pamoja na vitamini E wakitaka kuzuia kifafa cha mimba, haikuzuia.

Kitu kilichonitisha mimi kwenye kusoma kwangu ni panya. Gert Maritz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, wamefanya kazi hii miaka mingi, wanampa panya mwenye mimba na anayenyonyesha nikotini, vitoto vinazaliwa, unaangalia mapafu vinapoachishwa ziwa unaona sawa tu, hamna shida. Unasubiri vikue, na nikotini vilishaacha kupata zamani, ndo kuta za vifuko vya hewa zinaanza kubomoka, pafu linazeeka kabla ya umri. Kwa hiyo mtu anayesema mtoto wangu mzima mbona, sawa, ni mzima leo. Kundi hilohilo likajaribu kuwapa panya juisi ya nyanya, ina laikopini, ile rangi nyekundu, na uharibifu ukapungua sana. Lakini ni panya, wala hakuna aliyepima juisi ya nyanya kwa wajawazito wavutaji akatoka na majibu kama ya vitamini C, kwa hiyo kunywa kama unaipenda, usiigeuze dawa.

DadaMwenyeGubu:
Kwenye lishe msisahau vitamini A ndo ya mapafu hasa!! Kuna utafiti kabisa, Nepal, mama walipewa vitamini A na watoto wakawa na mapafu makubwa. Mdogo wangu meza vitamini A dozi kubwa na kula maini kila siku, utaona mtoto atakavyotoka.

Panya wa Maabara:
Dada hapo hapo shika breki. Utafiti upo, umechapishwa 2010, ila soma vizuri. Wale ni wanawake wa eneo ambalo upungufu wa vitamini A ni wa kudumu, walipewa dozi ndogo ya kila wiki kabla, wakati na baada ya mimba, watoto walipopimwa wakiwa miaka 9 mpaka 13 wakawa wanapuliza mililita kama 46 zaidi ya wenzao. Wale waliopewa beta karotini, ile ya kwenye karoti na mboga ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, hawakupata hiyo faida. Kujaza shimo siyo sawa na kurundika juu ya tuta.

Mkunga Zamu ya Usiku:
Nimerudi, na hapa lazima niongee kwa sauti. DADA TAFADHALI. Vitamini A ya retino, yaani ile iliyo tayari kama ya kwenye maini, ikizidi kwenye mimba inaharibu mtoto, uso, moyo, ubongo, hasa ikizidi mapema. Uniti elfu kumi kwa siku kutoka kwenye vidonge ndo mpaka ambao hatutaki mjamzito auvuke, na maini yamejaa hiyo kitu, kwa hiyo maini kila siku kwa mjamzito hapana. Ya kwenye mboga za majani, karoti, matunda ya rangi ya chungwa, haina shida, mwili unabadilisha kiasi unachotaka. Ila na yenyewe ukiitengenezea vidonge ukampa mvutaji ni habari nyingine, Finland waliwahi kuwapa wanaume wavutaji beta karotini ya vidonge wakitegemea saratani ya mapafu ipungue, 1994 majibu yakatoka, imeongezeka. Mama_kijacho, kidonge chochote unachotaka kuongeza mpitishie mtu wa klinik kwanza.

DadaMwenyeGubu:
Sawa nimeelewa, nilikuwa nasaidia tu. Nafuta.
(Siwezi kufuta, inakataa. Basi msifuate.)

Mama Mapacha:
Mi sijui tafiti lakini naomba niongee kama mama. Mimba yangu ya kwanza nilivuta mpaka mwezi wa nane, siyo kwamba nilikuwa sijui, nilikuwa najua ila nilikuwa najiambia kesho, na hamna mtu aliyeniuliza vizuri, hospitali niliyokuwa naenda nesi aliniona na kiberiti kwenye mkoba akanisema mbele ya foleni nzima, toka siku hiyo nikawa naficha na nikavuta zaidi kwa hasira. Mwanangu alizaliwa kilo mbili na robo, miezi minne akaanza kile kifua, usiku anahema mbavu zinaingia ndani, miluzi unaisikia toka chumba cha pili, tumelazwa naye mara tatu kabla hajafikisha mwaka, sasa hivi ana miaka sita na ana kipulizio chake kwenye begi la shule. Sisemi ni sigara peke yake maana na kwetu pumu ipo, daktari mwenyewe aliniambia huwezi kuchukua mtoto mmoja ukasema hiki ndo kimemfanya hivi. Ila mapacha nilishaacha mwaka mzima kabla, na sitaki kulinganisha ila nalinganisha.

Nachotaka kukwambia waambie klinik. Ukikutana na mtu wa kukusema badilisha mtu, siyo kunyamaza. Kunyamaza ndo kulikonigharimu.

mama_kijacho:
Mama Mapacha umeniliza. Asante kwa kusema.

Hoja Kwanza:
Naomba niwe mbishi kidogo maana naona tunaelekea kumfanya mtu ajione muuaji. Vepu mbaya, sawa. Lakini akiiacha leo kwa presha na kesho akarudi kwenye fegi tumemsaidia nini? Uingereza walichukua wajawazito wavutaji 1140, nusu wakapewa vepu nusu plasta za nikotini, majibu ya 2022, walioacha sigara kwa vepu walikuwa wengi kidogo na watoto wenye uzito mdogo walikuwa wachache kuliko upande wa plasta. Kwa hiyo ngazi ni hii, fegi chini kabisa, vepu juu yake, bila nikotini juu kabisa. Kashapanda ngazi moja, tumsaidie ya pili, tusimsukume.

Na jambo la pili mnalolikwepa ni chakula chenyewe. Kila mtu anaongelea vitamini kama vile mtu hana tumbo. Kilo moja na nusu kwa wiki 19 ndo kilichonishtua mimi kuliko vepu. Ile njaa kuu ya Uholanzi ya 1944 kuingia 1945, watu walikula chini ya kalori elfu moja kwa siku, waliokuwa tumboni wakati ule, hasa miezi ya mwanzo na ya kati ya mimba, walipofika miaka hamsini walikuwa na magonjwa ya mirija ya hewa kuziba zaidi ya wenzao. Na hakuna mtu aliyewapa nikotini, ilikuwa njaa tu. Huko Hertfordshire Uingereza nako walifuatilia wanaume waliozaliwa na uzito mdogo mwanzoni mwa karne iliyopita, uzeeni pumzi yao ilikuwa ndogo, hata ukitoa hesabu ya sigara walizovuta wenyewe. Sasa nikotini inakata njaa na inabana mishipa inayopeleka chakula kwa mtoto. Hayo siyo mambo mawili, ni jambo moja lina mikono miwili.

Panya wa Maabara:
Naunga mkono, ila niongezee kitu kwa haki, hao wa Uholanzi walipopimwa kwa kupuliza mapafu yao hayakuonekana madogo, ni magonjwa ndo yalikuwa mengi zaidi. Inaonyesha njaa iligusa mirija au kinga zaidi kuliko ukubwa wa pafu. Na lishe ikiwa nzuri inaweza kwenda upande wa pili pia, Denmark waliwapa wajawazito mafuta ya samaki gramu 2.4 kwa siku miezi mitatu ya mwisho, watoto wenye pumu au miluzi isiyoisha wakashuka kutoka kama asilimia 24 mpaka 17. Na waliofaidika zaidi ni watoto wa mama ambao mwanzoni mafuta hayo mwilini mwao yalikuwa kidogo. Wimbo uleule, shimo ndo linalojazwa.

Mkunga Zamu ya Usiku:
Hoja Kwanza leo umeongea kama mtu aliyelala vizuri. Kwenye kilo, mdogo wangu, miezi mitatu ya mwanzo nusu kilo mpaka mbili ni kawaida, baada ya hapo mwenye uzito wa kati tunategemea kama nusu kilo kila wiki. Kwa hiyo uko nyuma kidogo, ila inategemea na uzito ulioanza nao, wakupime wao. Cha kufanya leo, kula kabla hujavuta, siyo baada. Ukivuta kwanza njaa imeshaondoka. Kidogo kidogo mara tano sita, kila mara kuwe na kitu chenye protini, yai, maharage, samaki, maziwa, na tunda pembeni, matunda mawili matatu kwa siku na mboga unakuwa umeshapata vitamini C ya mjamzito wa kawaida ambayo ni miligramu 85. Ile ya 500 ni kidonge, kuifikisha kila siku kwa matunda ya kawaida ni vigumu, na kwa kuwa uko wiki ya 19 bado uko ndani ya muda ule walioanzia wale wa utafiti, kwa hiyo usichelewe kuuliza.

Kwenye vepu uliza mpango wa kushuka. Wengine wanashuka 20, 10, 6, 3, ila chunga, ukishusha namba mkono nao unaongeza mapafu unayopiga, mwisho unapata nikotini ileile. Hesabu. Mimba pia inafanya mwili uichome nikotini haraka kuliko kawaida, ndo maana arosto imekukamata vibaya hivyo, siyo udhaifu wako. Wanaweza kukupa plasta au jojo kwa muda, nazo zina nikotini, plasta ya mchana unaitoa usiku mtoto apumzike, na lengo lake ni kuisha siyo kuhamia. Na baba mtoto je, anavuta?

mama_kijacho:
Anavuta. Nje lakini.

Mkunga Zamu ya Usiku:
Nje ni afadhali. Akiingia abadilishe shati na anawe mikono, na mtoto akizaliwa asilale kitanda kimoja na mvutaji, vifo vya ghafla vya vichanga usingizini vinapanda sana kwenye nyumba za wavutaji. Mwite asome huu uzi.

Baba Lao:
Sasa na bibi akivuta? Au nako mtasema mjukuu anaumwa?

Panya wa Maabara:
Mzee umeuliza kwa kejeli ila ndo swali zuri kuliko yote humu. California walikuta 2005 kwamba watoto ambao bibi mzaa mama alivuta akiwa na mimba ya mama yao walikuwa na pumu zaidi, hata kama mama mwenyewe hakuvuta. Kwa panya imeonekana mpaka kizazi cha tatu. Kwa sababu mtoto wa kike akiwa tumboni mayai yake yote yanatengenezwa humohumo, kwa hiyo bibi anapovuta anawavutisha watu watatu.

Baba Lao:
Mh.

mama_kijacho (baada ya wiki nne):
Wadau nimerudi, samahani kwa ukimya. Wiki ya 23 sasa. Nilienda nikawaambia. Nilikuwa nimejiandaa kulia, yule dada akaandika tu, akaniuliza namba ngapi na napiga mara ngapi kwa siku, basi. Nimeandikiwa vitamini C 500, pamoja na madini ya chuma na foliki niliyokuwa nayo. Vepu nilishuka mpaka 6 nikaganda hapo siku kumi, nikapewa jojo, kuna siku nilivunjika nikavuta kwa mume wangu, mapafu mawili, nikatapika. Vepu leo ni siku ya tisa sina. Uzito nimeongeza kilo mbili na nusu juu ya ile, njaa imerudi kwa fujo, nakula mpaka saa nane usiku. Mume amesoma uzi wote, amesema Panya wa Maabara anaandika ndefu.

Ila naota nikivuta. Kila siku. Hiyo inaisha lini?

Mkunga Zamu ya Usiku:
Siku tisa!! Ndoto zinakuja kwa wiki kadhaa, wengine miezi, zinapungua zenyewe. Kuota hakufiki kwenye kondo, endelea kuota. Na siku ya mapafu mawili usiihesabu kama umeanza upya.

Baba Lao:
Naomba niseme kitu. Jana nilimpigia mama nikamuuliza, kumbe nilikuwa nafungwa kifua kila msimu wa baridi mpaka darasa la tatu, nimelazwa mara mbili. Mi sikumbuki kabisa. Ananiambia "ulidhani ulikuwa unapelekwa wapi usiku na blanketi?"

Hoja Kwanza:
Na hiyo nayo ni ya mtu mmoja mzee, usije ukageuka shahidi upande wa pili. Ila karibu.